Kutoka chumba cha giza hadi kompyuta: jinsi vyuo vya sanaa vinavyofundisha upigaji picha

Katika vyuo vingi vya sanaa, somo la kwanza la upigaji picha huanza na kamera ya mkanda, na kamera ya dijitali husubiri zamu yake. Kwa miongo kadhaa, hasa Marekani, kamera ya wanafunzi ilikuwa Pentax K1000, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997. Ni kamera nzito ya chuma isiyojiamulia jambo lolote. Betri yake ndogo huendesha kipimamwanga peke yake. Ikiisha nguvu, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Anayeishika ndiye anayezungusha lenzi mpaka sura ionekane wazi, ndiye anayepanga upana wa tundu la kuingizia mwanga, ndiye anayechagua shata, yaani kizibo cha kuruhusu mwanga uufikie mkanda, ifunguke kwa muda gani. Akikosea, kamera haimwokoi. Walimu waliipenda kwa sababu hiyo hasa, na nyingi kati ya kamera hizo bado zimo mikononi mwa wanafunzi.

Kufundisha upigaji picha darasani kulienea zaidi katika karne ya 20. Kabla ya hapo kazi hii mara nyingi ilirithishwa studioni, fundi kwa mwanagenzi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pwani ya Afrika Mashariki pia. Mjini Unguja, studio ya A. C. Gomes ilipiga picha tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifanya kazi humo kabla ya kufungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Studio za namna hiyo zilitoa mafundi hodari. Zilichokosa ni nafasi ya mwanagenzi kuuliza kwa nini picha ipigwe hivi na si vile, maana mteja alikuwa anasubiri.

Nafasi hiyo ililetwa na shule. Clarence H. White alifungua yake mjini New York mwaka 1914, akafundisha mpangilio wa picha jinsi unavyofundishwa katika uchoraji. Dorothea Lange na Margaret Bourke-White ni miongoni mwa waliopita mikononi mwake. Mwaka 1937 László Moholy-Nagy alianzisha chuo mjini Chicago kwa mawazo ya shule ya Bauhaus ya Ujerumani, akitaka wanafunzi wachunguze mwanga wenyewe kabla ya kuchunguza sura za watu. Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika, Ansel Adams alianzisha idara ya upigaji picha katika California School of Fine Arts mjini San Francisco, na mwaka 1946 Minor White akajiunga naye. Mtaala unaofuatwa na vyuo vingi leo una mizizi katika madarasa hayo machache.

Wiki za kwanza ni za mwanga. Kiasi cha mwanga kinachohitajika kwa picha hutegemea vitu vitatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata inabaki wazi, na wepesi wa mkanda kupokea mwanga, yaani namba ya ISO iliyoandikwa kwenye kopo lake. Namba za tundu huwachanganya wengi, kwa kuwa f/16 ni tundu dogo na f/2 ni tundu kubwa. Mkanganyiko huisha wanapoelezwa kwamba namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa kwa f/2, tundu lake lina upana wa milimita 25. Ikifungwa hadi f/16, linabaki la milimita 3 hivi. Tundu dogo hufanya vya karibu na vya mbali vionekane wazi kwa pamoja, ilhali tundu kubwa humwacha mtu wazi na kuufifiza ukuta ulio nyuma yake. Shata nayo ina kazi yake. Ikifunguka kwa 1/500 ya sekunde humgandisha mchezaji mpira angani. Ikifunguka kwa 1/15 mchezaji huyohuyo huacha ukungu tu mahali alipopita.

Mwanafunzi hutakiwa kupiga kitu kimoja, tuseme baiskeli mlangoni, kwa kila mchanganyiko wa tundu na shata, na kuandika namba zote katika daftari. Mkanda hauhifadhi kumbukumbu ya namba hizo, na bila daftari hakuna atakayejua kwa nini picha ya 14 ilitoka na ya 15 ikaharibika. Daftari hilo lina thamani kuliko lenzi ya pili. Pia hufundishwa kanuni ya jua kali: mchana wa jua, tundu liwe f/16 na kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO, kwa hiyo mkanda wa ISO 400 hupigwa kwa 1/500. Kanuni hii inafaa hata kipimamwanga kikifa. Lakini karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini, na macho ya anayepigwa huzama kwenye vivuli vya nyusi zake. Namba huwa sahihi na sura ikapotea. Ndiyo maana mwalimu mzuri huwatoa wanafunzi asubuhi na jioni, au huwapeleka barazani, kwenye kivuli kinachopokea mwanga wa nje.

Kisha huja somo la kutokiamini kipimamwanga. Chombo hicho hakijui kinaangalia nini. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, hutoa rangi ya kijivu cha kati. Mbele ya kanzu nyeupe hushauri mwanga upunguzwe, na kanzu hutoka ya kijivu. Mbele ya buibui jeusi hushauri mwanga uongezwe, na buibui nalo hutoka la kijivu. Anayepiga kanzu huongeza mwanga juu ya ule ulioshauriwa na chombo, anayepiga buibui hupunguza. Atakayeelewa hili kwa mkono, na si kwa kulikariri, ameshapita mlango mgumu kuliko yote katika fani hii.

Adams aliligeuza wazo hilo kuwa utaratibu kamili. Kati ya mwaka 1939 na 1940, akifundisha katika Art Center School mjini Los Angeles, yeye na mwenzake Fred Archer walitunga Mfumo wa Zoni. Mfumo huo unaigawa picha katika ngazi 11, kuanzia zoni 0 ambayo ni weusi mtupu hadi zoni X ambayo ni weupe mtupu, na kijivu cha kati kikiwa zoni V. Kabla ya kubonyeza, mpiga picha anaamua kila sehemu ya tukio ikae zoni gani, kisha anapima mwanga kwa kufuata uamuzi huo. Uamuzi hutangulia kipimo. Katika maelezo yake Adams aliiweka ngozi ya Mzungu katika zoni VI na ngozi nyeusi karibu na zoni V.

Kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki, hapa ndipo somo linapomhusu zaidi. Mtu mwenye ngozi nyeusi sana aliyevaa shati jeupe huwekewa kipimo na shati, si na uso, na albamu nyingi za harusi zina mabwana harusi wenye mashati safi na nyuso zisizosomeka. Dawa yake ni kuusogelea uso, kupima mwanga hapohapo, kuamua uso huo uwe mweusi kiasi gani kwenye picha, kisha kurudi nyuma na kupiga bila kujali ushauri mpya wa kipimamwanga. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wa mwanga unaotoka ubavuni, kama wa dirishani, na si kwa kuimwagia taa ya mbele.

Ugumu huo haukutokana na ufundi wa mpiga picha peke yake. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za kulinganishia zilizotolewa na Kodak, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa kwenye kadi za mwanzo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa sahihi, na nyingine zote zilifuata jinsi zilivyobahatika. Watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti walipolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani katika picha za bidhaa zao, kampuni ilipata msukumo wa kuboresha mikanda yake. Watu wenye ngozi za kahawia walikuwepo muda wote. Chuo kisichowaeleza wanafunzi historia hii kinawaacha waamini kwamba kosa ni la sura zao.

Art Center, chuo kile alikofundisha Adams, kina uhusiano na Nairobi. Priya Ramrakha, aliyezaliwa huko mwaka 1935, alianza kupiga picha katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, akitokea kwenye familia ya magazeti. Mjomba wake, G. L. Vidyarthi, ndiye aliyechapisha gazeti la Colonial Times. Mpiga picha wa Marekani Eliot Elisofon aliiona kazi yake na kumsaidia kwenda kusoma Art Center. Baada ya hapo Ramrakha alifanya kazi na majarida ya Life na Time, akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufikia nafasi hiyo, na alirudi kuipiga picha Afrika iliyokuwa ikipata uhuru. Aliuawa Oktoba 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Tayari alikuwa mpiga picha kabla ya kuingia darasani. Chuo kilimfungulia njia ya kufanya kazi katika kiwango ambacho Nairobi ya kikoloni isingempa.

Mkanda wa kwanza ukijaa, darasa huhamia chumba cha giza. Mwanafunzi huanza kwa kuuzungusha mkanda ulioharibika kwenye kigurudumu chake mwangani, kisha akiwa amefumba macho, mpaka vidole vizoee. Siku ya kazi halisi hufanya hivyo gizani kabisa, huufungia mkanda katika tangi lisilopitisha mwanga, na baada ya hapo taa huwashwa. Ndani ya mkanda kuna fuwele za chumvi za fedha, madini yaleyale ya vito. Zile zilizoguswa na mwanga zina alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kwanza hugeuza fuwele hizo kuwa fedha halisi, ambayo katika chembe ndogo huonekana nyeusi. Dawa ya pili hukatiza kazi hiyo. Ya tatu, fiksa, huyeyusha fuwele ambazo hazikuguswa ili mkanda usidhurike tena na mwanga. Hatimaye mkanda huoshwa na kuanikwa.

Joto la dawa ya kwanza ndilo huamua mengi. Vipimo vya vitabuni ni vya nyuzi 20 za Selsiasi: mkanda wa Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji huhitaji dakika saba na nusu. Maji ya bombani katika miji ya pwani yetu huzidi joto hilo kwa mbali, na dawa yenye joto hufanya kazi haraka. Inawezekana kufupisha muda kwa kufuata jedwali, lakini muda ukishuka chini ya dakika tano mkanda huweza kutoka na mabaka. Njia salama zaidi ni kuiweka chupa ya dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu na kusubiri kipimajoto kishuke. Kuhusu usalama, mambo ni machache na hayana mjadala: glavu, madirisha ya kupitisha hewa, na fiksa iliyotumika kukusanywa katika dumu badala ya kumwagwa, kwa sababu ina fedha iliyoyeyuka ambayo hudhuru maji.

Kutoka kwenye mkanda huo uliosafishwa, yaani negativu, mwanafunzi hutengeneza kwanza karatasi moja yenye picha zote 36 kwa udogo wake. Karatasi hii ndiyo inayomfundisha kuliko mwalimu. Inaonyesha alivyolizunguka jambo, alivyosimama mbali mno katika picha nne za mwanzo, alivyoogopa kusogea, na picha moja aliyoipata alipoacha kuogopa. Baada ya kuchagua, huiweka negativu kwenye mashine ya kukuzia na kuimulika juu ya karatasi ya picha chini ya taa nyekundu. Hujaribu kwanza kwa kipande cha karatasi kilichopewa sekunde tofauti, hatua kwa hatua, ili apate muda unaofaa. Sehemu inayotaka kuwa nyeupe zaidi hukingwa kwa kiganja au kadi wakati mwanga unapita. Inayotaka weusi huongezewa sekunde. Picha moja nzuri inaweza kula mchana mzima, na mchana huo haupotei.

Muhula wa dijitali huja baada ya hapo, na wengi huuingia wakidhani ni wa mapumziko. Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alijenga kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na pikseli 10,000 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Tundu, shata na ISO vimebaki vilevile. Kilichobadilika ni tabia ya kipokea mwanga, na hapo ndipo manufaa ya kujifunza yote mawili yanapoonekana.

Mkanda wa negativu huvumilia mwanga unaozidi. Ukipungua, vivuli hubaki vitupu na hakuna cha kuokoa. Kihisi cha kamera ya dijitali ni kinyume chake: vivuli vinaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta, ila mawingu yaliyopigwa kwa mwanga mwingi kupita kiasi huwa tundu jeupe lisilo na kitu ndani. Kwa hiyo anayetumia mkanda hupima kwa ajili ya vivuli, na anayetumia dijitali hulinda weupe. Mwanafunzi aliyelelewa upande mmoja akihamia mwingine bila kuambiwa hili, ataharibu kazi nyingi na kulaumu kamera.

Ili asibahatishe, hufundishwa kusoma histogramu, mchoro mdogo unaoonyesha weusi na weupe wa picha vimegawanyika vipi. Mlima wake ukigota ukuta wa kulia, weupe umeshapotea. Hufundishwa pia kupiga katika faili ghafi. Faili ya JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati faili ghafi ya biti 14 hubeba 16,384. Tofauti hiyo haionekani mara picha inapopigwa. Huonekana pale anapojaribu kuurekebisha uso uliokuwa kivulini, na JPEG ikachanika rangi. Katika kompyuta kazi nyingi ni zilezile za chumba cha giza, kukinga na kuongeza, ila sasa zinaweza kutenguliwa.

Hatari ya dijitali ni wingi. Mchana mmoja huleta picha 600, na mwenye 600 mara nyingi hana hata moja. Walimu huweka mipaka kwa makusudi: picha 36 tu kwa zoezi zima, au kioo cha nyuma ya kamera kufunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili mwanafunzi aendelee kumtazama mtu aliye mbele yake. Huja pia kazi isiyopendwa ya kuandika chini ya kila picha nani, wapi na lini, na kuhifadhi nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Negativu iliyotupwa kwenye sanduku inaweza kupatikana baada ya miaka 50. Diski iliyokufa haifufuki.

Yote hayo, mkanda na kompyuta, yanaweza kujifunzwa nje ya chuo. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuwa mmoja wa wapiga picha wa habari mashuhuri zaidi kutoka Afrika, hakuyapata darasani. Kitu ambacho ni vigumu kukipata mtaani ni kikao cha uhakiki. Mara moja kwa wiki picha hubandikwa ukutani. Aliyezipiga hukaa kimya, wenzake wakieleza kwanza wanachokiona, kisha wanachokielewa, kisha kinachokwamisha. Maneno kama "nzuri" na "mbaya" hayakubaliki bila sababu. Minor White aliwataka wanafunzi wake waitazame picha moja kwa muda mrefu kabla ya kufungua mdomo. Katika chuo cha Düsseldorf, ambako Bernd Becher alianza kufundisha mwaka 1976, wanafunzi walijifunza kurudia aina moja ya kitu kwa subira mpaka tofauti zake zijitokeze. Darasa hilo lilitoa Andreas Gursky, Candida Höfer, Thomas Struth na Thomas Ruff.

Barani Afrika mfano ulio imara ni Market Photo Workshop ya Johannesburg. David Goldblatt aliianzisha mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria, ili waliofungiwa milango ya vyuo wapate ujuzi wa kamera na wa kusoma picha. Zanele Muholi na Jodi Bieber walisoma hapo. Nguvu ya mahali hapo haikuwa majengo. Ilikuwa ni kuwaweka pamoja watu wa mitaa tofauti, wazitazame picha za mitaa hiyo na kubishana juu yake.

Mambo ya vyuo na ya mashine nayo yanabadilika. Chuo kile cha San Francisco ambako Adams alianzisha idara, ambacho tangu 1961 kiliitwa San Francisco Art Institute, kilifunga milango mwaka 2022 kwa kuzidiwa na madeni. Wakati huohuo mkanda umepata wapenzi wapya: Kodak ilirudisha mkanda wake wa Ektachrome mwaka 2018, na Pentax ikatoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, mwaka 2024. Bei ya mikanda imepanda, na katika miji yetu mingi haipatikani dukani. Kwa msomaji asiye na uwezo wa kuigharamia, mafunzo mengi ya mkanda yanaweza kuigwa kwa kamera yoyote ya dijitali inayokubali kupangwa kwa mkono: ISO moja, lenzi moja, picha 36, daftari, na kutoangalia kioo mpaka jioni.

Anayetaka kulipia kozi, aulize maswali mawili kabla ya kutoa ada. Je, wanafunzi hubandika kazi zao ukutani kila wiki na kuzijadili mbele ya mwalimu? Je, watafundishwa kupima mwanga kwa mkono, kwenye ngozi za watu watakaowapiga kweli? Majibu yakiwa ndiyo, uhaba wa kamera za kisasa si sababu ya kukikimbia chuo hicho. Yakiwa hapana, fedha hiyo itumike kununua kamera iliyotumika, na marafiki watano wakubaliane siku ya kukutana kila wiki na picha zao zilizochapwa.